Sadoki na Gari Lisilonguruma

Sadoki Mwashiuya haamini kitu kisichopiga kelele. Ndivyo alivyo, na wala haoni haya kusema. Mtu mkimya kwake ana jambo lake. Pikipiki ikimpita bila mlio, anageuka kuitazama mpaka ipotee. Mkewe, Loisi, anasema zamani hakuwa hivyo, ni ugonjwa wa mwaka jana tu, lakini tutafika huko. Kwa sasa jiulize: mtu wa namna hiyo ukimletea gari la umeme mlangoni, unategemea akuchinjie kuku?

Ni mtu wa Vwawa, Mnyiha wa kuzaliwa, na nyumbani kwake kuna kahawa. Kahawa hiyo anailima Loisi, kwa sababu shamba la mumewe ni barabara mbovu. Wapo wanaume wenye ugonjwa wa mpira, wapo wenye ugonjwa wa bao. Ugonjwa wa Sadoki ni tope. Mvua ikinyesha usiku kucha, wenzake wanavuta blanketi, yeye anachungulia dirishani anachekacheka kama bwana harusi. Ameshapanda na gari milima ya Ibaba, kule Ileje, msimu ambao hata punda wanagoma. Hakutumwa na mtu, alitaka tu kuona kama itawezekana. Iliwezekana. Alirudi taa moja ya mbele haipo, na wilaya nzima hakukuwa na mtu mwenye furaha kama yeye.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya zamani, ile ambayo watu wanaiita mkonga kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa lililopanda ubavuni mpaka juu ya paa. Rangi yake iliwahi kuwa nyeupe. Kwa mkonga huo Sadoki anashuka bondeni Ivuna, kule kwenye chumvi. Anapeleka abiria na bidhaa za dukani, anapandisha chumvi, mchele na wagonjwa. Silensa ilitoboka miaka mingi iliyopita na hakuiziba, maana kule njiani hakuna mtandao wa simu, na mlio ule ndio simu yenyewe. Mkonga ukishuka asubuhi, unasikika mpaka kwenye miji ya watu, maboma ya ndani kabisa porini. Watu wanajua Sadoki kashuka, mchana atapanda. Mwenye gunia analifunga, mwenye mgonjwa anamvalisha, wanasogea barabarani kumngoja. Imekuwa hivyo miaka nenda rudi, mpaka hakuna anayekumbuka kama kuna siku walikubaliana.

Kwenye simu yake kuna kundi la WhatsApp linaitwa Wazee wa Tope. Ni madereva na wapenzi wa njia mbovu kutoka Mbozi, Momba, Ileje na Tunduma, pamoja na Wazambia wawili watatu wa Nakonde wanaoandika nusu Kibemba. Mwaka huu kundi zima liliingiwa na wazimu mmoja: magari makubwa ya umeme, ya kupandia milima, yanayosemekana yanakuja. Kila asubuhi video. Mara gari linazunguka papo hapo kama pia, mara gari linaogelea, mara gari lina mota kwenye kila tairi. Sadoki alizitazama zote, tena kwa kurudia, halafu akaandika maswali. Likizama mtoni, abiria hawapigwi shoti? Vumbi la chumvi linakula chuma mpaka kinavunjika kama biskuti, je, hizo waya? Na chaji ikiishia porini? Fundi wangu Watson akiwa na kipande cha sabuni anaziba tenki la mafuta lililotoboka na tunafika nyumbani, sasa betri ikitoboka ataiziba na nini? Wenzake wakamcheka, wakamwita Tomaso. Akawajibu kwamba Tomaso angalau alikwenda kupapasa.

Lakini lipo jambo ambalo hakuliandika kwenye kundi. Video moja ilionyesha glasi ya maji imewekwa mbele ya dereva, gari linapita juu ya mawe, na maji hayamwagiki. Hiyo Sadoki hakuchoka kuitazama. Loisi alimkuta nayo uani, amekaa juu ya ndoo, machozi yanamlengalenga. Alijua sababu.

Binti yao, Nesta, ameolewa na Joshua, bondeni, karibu kabisa na Ivuna, kwenye mji ulioingia ndani kutoka barabarani. Mwaka jana alikuwa na mimba ya kwanza, uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Sadoki alimpandisha kwa mkonga, njia nzima gari linaruka, binti ameng'ang'ania chuma analia, baba anakanyaga mafuta huku anamwomba Mungu. Walifika hospitali. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mkubwa, mzuri, na hakulia. Sadoki alikuwa nje ya mlango, ametega sikio, anangoja alie. Kile kimya hakijamtoka masikioni mpaka leo. Daktari alisema walichelewa kutoka. Sadoki akaigawa lawama sehemu mbili: moja kwa mkonga, kwa kumrusharusha mtoto tumboni, na moja kwa mama mkwe wa Nesta, Atuganile, yaani Mama Joshua, ambaye usiku ule alisema wangoje kwanza kupambazuke. Mkonga alishausamehe kidogo. Atuganile, ng'o.

Sasa Nesta alikuwa na mimba nyingine, imekaribia, na daktari ameagiza apandishwe mapema, asisubiri uchungu, ajifungue kwa kisu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Rukwa kila jioni. Mvua ikianguka kabla Nesta hajapanda, ndiyo basi, njia imefungwa. Na Sadoki alikuwa anaogopa mvua, anaogopa na kumpakia tena binti yake kwenye mkonga. Alikuwa hali vizuri. Loisi akimpa ugali, anaukanda tu.

Ndipo akaja Clement.

Clement ana yadi ya magari Tunduma, karibu na mpaka, baba wa watoto wawili, na mdomo wake una mafuta. Siku hiyo Sadoki alikuwa amelala chali chini ya mkonga, yeye na Watson, wanakaza nati. Akageuza kichwa, akaona tairi jipya limesimama hatua moja tu kutoka kwenye sikio lake. Hakusikia lilivyofika. Alijigonga paji la uso kwenye difu.

"Aisee! Wewe unatembea na jini?"

"Shikamoo, mzee," Clement akasema, anateremka anacheka. "Ndilo hili sasa."

"Marahaba. Ndilo nini?"

"Linalowanyima usingizi kwenye kundi. Na hili ni dogo lao. Makubwa yenyewe, ya kazi hasa, yanakuja mwakani."

"Kila kitu kizuri kinakuja mwakani," Sadoki akasema, anajifuta damu.

Akalizunguka. Akaligonga ubavuni, akainama akanusa, akaomba boneti ifunguliwe. Ilipofunguliwa, ndani kulikuwa na kisanduku kitupu cha kuwekea mizigo.

"Wamekuibia injini," akamwambia Clement, na Watson akacheka mpaka akakaa chini.

Clement hakukasirika. Akaeleza shida yake wazi. Wazee wa Tope walikuwa na hamu, ila hakuna hata mmoja aliyetaka kuagiza hayo ya mwakani kabla Sadoki hajasema neno. Wote wimbo wao ulikuwa mmoja: Sadoki akilishusha Ivuna na kulipandisha, sisi tunaamini. "Nakuachia usukani, mzee. Nitakaa pembeni, nitanyamaza."

"Ukinyamaza ndiyo utanitia wasiwasi zaidi."

Sadoki akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji kimejaa mpaka ukingoni. Akakiweka mbele ya dereva. Akamwambia Clement apite kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba, halafu juu ya mawe ya kujengea msingi yaliyolala hapo. Yeye alitembea pembeni, macho kwenye kikombe. Maji yalimwagika kidogo tu, tena mwishoni, Clement alipokata kona vibaya. Machale yalikuwa yanamcheza, yanamwambia kitu kizuri namna hii lazima kina kasoro mahali, na kasoro hiyo itaonekana pabaya. Lakini kile kikombe kilikuwa karibu kimejaa.

"Alhamisi tunashuka," akasema. "Naendesha mimi. Na tukirudi, tunarudi na binti yangu."

Siku hiyohiyo alimpa salamu kijana wa pikipiki aliyekuwa anashuka bondeni: mwambie Nesta Alhamisi nakuja, akisikia gari limeshuka ajiweke tayari, nikipanda nimkute barabarani. Ndivyo alivyowaagiza watu maisha yake yote, na wala hakufikiri mara mbili. Kisha akamvuta Watson nyuma ya choo.

"Saa kumi nisipokuwa nimepiga simu kutoka juu ya mteremko, washa mkonga unifuate."

"Kumbe humwamini Clement?"

"Namwamini. Ndiyo maana nakuambia kwa sauti ndogo."

Alhamisi wakaondoka kabla jua halijachoma, betri imejaa, kioo kidogo mbele ya dereva kinaonyesha namba kubwa ya kilometa mpaka Sadoki akauliza kama gari hili linatia chumvi kama mwenyewe. Kwenye lami alinung'unika. Walipoacha lami Mlowo na kuanza vumbi, akanyamaza. Walipofika kwenye mteremko, pale ambapo mkonga hushuka unalia breki na harufu ya kuungua inajaa pua, gari likajishikilia lenyewe, taratibu, na Clement akamwonyesha kwamba chaji inaongezeka.

"Linashuka na linakula?"

"Linakula, mzee."

"Hii kitu ina uchawi," Sadoki akasema, ila meno yalikuwa nje.

Chini ya mteremko alisahau umri wake. Palikuwa na mchanga mzito kwenye korongo, akaliingiza. Likatoka. Akarudi akaliingiza tena, pale palipo pabaya zaidi. Kwenye kidimbwi kilichoachwa na manyunyu ya juzi, alivua viatu, akapima kina kwa fimbo kama kawaida yake, halafu akapita, akageuka, akapita tena, matope yanaruka mpaka kwenye paa, mtu wa miaka hamsini na saba anapiga kelele "Mama weee!" ndani ya gari lisilotoa sauti. Clement alicheka mwanzoni. Baadaye akawa anatazama namba ya chaji, hacheki.

Kitu kimoja tu kilimkera Sadoki. Mbuzi walikuwa wamelala katikati ya njia, na hawakuondoka. Mkonga ukiwa bado mbali mbuzi hutawanyika, lakini hawa walikaa wanatafuna mpaka akateremka akawafukuza kwa mkono. "Mbuzi wa siku hizi wana kiburi," akasema, akaendelea. Akapita njia panda ya kwenda kwa kina Nesta bila kusimama, kama anavyopita siku zote asubuhi, akijua tayari kule ndani wameshasikia.

Ivuna walipakia magunia machache ya chumvi, ili gari lipimwe na uzito, wakala, wakageuza mchana.

Njia ilikuwa tupu. Sadoki aliona hivyo kwa mara ya kwanza pale kwenye miti mitatu, ambapo hakosekani mtu. Hakuna. Mbele kidogo kuna mji ambao lazima utoe mtu na kuku wa kupeleka sokoni Vwawa. Patupu. Akapunguza mwendo.

"Watu wameenda wapi? Kuna msiba ambao sijaambiwa?"

"Labda leo hawasafiri," Clement akasema.

"Wote?"

Akili yake ikaanza kazi yake iliyoizoea. Labda wamesikia anakuja na gari la umeme, wameogopa. Labda kuna mtu mwingine ameanza kubeba abiria, amewachukua mapema, tena kwa siri. Alikuwa anatafuna mashavu. Wakafika kwenye njia panda ya kina Nesta, na pale kwenye gogo ambapo wasafiri hukaa, palikuwa na mjusi.

Sadoki akazima. Hakuna tofauti, lilikuwa kimya na bado likawa kimya. Akangoja. Kisha damu ikampanda.

"Mama Joshua," akasema polepole. "Mwanamke yule. Amemficha tena."

"Mzee, tumpe dakika kidogo..."

"Mwaka jana nilimpa dakika! Nilimpa mpaka kupambazuke! Anataka binti yangu azalie jikoni kwake!" Akageuza usukani kuelekea porini.

Clement akashika mkono wake. "Mzee wangu, sikiliza. Tulicheza sana asubuhi. Kilichobaki kinatosha kupanda, lakini hakitoshi kupanda na kuzunguka huko kwenye mchanga. Tukiingia huko, siahidi kitu."

Hapo ndipo lile swali aliloliuliza kwenye kundi mara zote, la chaji kuishia porini, likamjia usoni. Alimtazama Clement, akatazama namba. "Niachie mkono," akasema.

Mchanga ulikuwa mwingi. Namba zilikuwa zinashuka wanaziona. Wakatokea kwenye mji wa kina Joshua kwa upande wa nyuma, na Sadoki akateremka mlango haujafunguka vizuri, anafoka. "Mama Joshua! Uko wapi? Leo huniambii kungoja!"

Watu wote pale uani waliruka kwa mshtuko. Mtoto mmoja akaanguka kutoka kwenye kinu. Walikuwa wamekaa duara, wameelekeza nyuso upande wa barabara, na Nesta alikuwa katikati, juu ya kigoda, amevaa vizuri, kilemba kichwani, begi limefungwa kwa kitenge miguuni pake. Kuku alikuwa ndani ya kikapu, tayari kwa safari. Mbwa walikuwa wamefungwa midomo kwa kamba. Atuganile alikuwa bado ameinua kidole juu, kama mtu anayenyamazisha watoto kanisani.

"Baba Nesta," akasema. "Umetokea wapi?"

"Nimetokea wapi? Nimepita hapo tangu asubuhi! Nimeshuka, nimerudi, kwa nini hamkumleta barabarani?"

"Umepita na nini?" Atuganile akauliza. "Tangu alfajiri tumekaa hapa. Sijatwanga. Sijaruhusu mtoto acheze. Mbwa nimewafunga midomo, ona, ili tusije tukapitwa na mlio. Tumesikiliza mpaka masikio yanauma. Hakuna gari lililopita, mkwe. Hakuna."

Nesta akasema, "Baba, ulisema nikisikia gari."

Sadoki akageuka akalitazama lile gari. Lilikuwa limesimama nyuma ya jiko, jipya, lina matope mazuri, limenyamaza. Akilini akawaona wale mbuzi wa asubuhi. Akaiona ile njia yote tupu, na watu wamekaa kwenye nyua zao porini, magunia yamefungwa, wagonjwa wamevalishwa, wanasikiliza. Aliuliza kuhusu maji, akauliza kuhusu chumvi, kuhusu waya na betri na shoti. Hakuna mtu, yeye wala kundi zima, aliyewahi kuuliza watu watajuaje kwamba gari limekuja.

Aliona aibu. "Nisamehe, mkwe," akasema.

"Hili nimekusamehe," Atuganile akajibu. "Ila na la mwaka jana nikuambie leo, maana hukuwahi kuniuliza. Nilisema tungoje kupambazuke kwa sababu mto ulikuwa umejaa, na mimi ndugu yangu alikwenda na mto huo usiku. Niliogopa. Tangu siku ile hunisalimii, unaniamkua kwa kidevu." Akainua begi la Nesta, akalitia garini, na yeye mwenyewe akaingia nyuma bila kuombwa.

Walishusha chumvi yote pale uani. Sadoki akaendesha kama amebeba mayai. Na kweli tuseme: gari lilimbeba Nesta vizuri. Halikumtikisa. Kwenye yale mawe ambayo mwaka jana alilia, safari hii alisinzia, kichwa kwenye bega la mama mkwe, na Sadoki alimwona kwenye kioo akataka kulibusu lile dude. Kila penye miji alipiga honi kuwaita wengine. Hakuna aliyetoka. Honi anapiga kila mtu, mpaka wachunga ng'ombe wenye pikipiki. Walichokuwa wanakingoja si honi.

Mwanzo wa mteremko, kile kioo cha namba kikatoa mlio mdogo, kikaonyesha picha ya kobe.

"Hiyo ni nini?" Sadoki akauliza.

"Ni kobe, mzee. Maana yake litatembea kama yeye."

Lilipanda kona ya kwanza likijikongoja. Kona ya pili likakataa. Sadoki akavuta breki, wakaweka mawe nyuma ya tairi, na ule ukimya ukawakalia wote. Nesta akaamka. Alikaa sawa, akashika tumbo, akamtazama Atuganile, na Atuganile akamtazama Sadoki. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Uchungu umeanza.

Jamani, mtu anaweza kufa kwa kimya. Sadoki alisimama barabarani, mikono kichwani, upepo unavuma kwenye majani na hakuna kingine chochote. Alimwomba Mungu kelele. Alisema hivyo kwa mdomo wake, "Mungu wangu, nipe kelele," na Clement hakucheka.

Nesta ndiye aliyesikia wa kwanza. "Baba," akasema kupitia dirishani, "mkonga."

Ulikuwa mbali sana, huko juu, unanguruma na kukohoa kila kona. Watson hakungoja saa kumi. Alisema baadaye kwamba alikaa na Loisi uani, Loisi akamtazama tu, akaenda akawasha. Mlio ukashuka ukiongezeka, ukajaa bonde zima, na Sadoki alipogeuka nyuma akaona watu. Walikuwa wanatoka vichakani chini ya mteremko, wanapanda mbiombio. Mzee mwenye mguu uliovimba anasukumwa kwenye baiskeli. Vijana wana magunia. Mama mmoja, Rozi, wa mji wa karibu na korongo, ana mtoto mgongoni anayewaka homa, amemfunika kitenge kipya. Alikuwa amemvalisha tangu asubuhi.

"Sadoki!" Rozi akasema, anahema. "Leo mbona umechelewa kushuka?"

Mkonga ulipofika na kugeuzwa, Sadoki alimpokea yule mtoto, akamweka kwenye kiti cha mbele cha mkonga. Kisha akachukua mnyororo.

"Mzee, hapana," Clement akasema. "Kitabu cha gari kinakataza kulivuta. Kinakataza kabisa, litaharibika."

"Na mwenye uchungu kitabu kinasema apande na nini?"

Clement akaingia garini mwenyewe, akashika usukani, akasema, "Funga."

Ndivyo walivyopanda. Mkonga mbele, umejaza watu wote waliosikia, Watson amening'inia nyuma. Lile la umeme nyuma, limenyamaza, Nesta amelala ndani yake na mkono wake uko ndani ya mikono ya mama mkwe. Sadoki akatia gia nzito, akaiachia klachi kidogo kidogo, akivuta bila kushtua, kona moja baada ya nyingine. Alitaka kusikia sauti ya Nesta kule nyuma na hakuweza, injini yake ilikuwa inanguruma kupita kiasi, na kwa mara ya kwanza maishani aliitukana ile silensa. Akawa anatazama kioo tu. Kwenye kioo alimwona Atuganile ameinua kidole gumba, akaendelea kuvuta.

Hospitali walifika jua bado lipo. Nesta aliingizwa, mlango ukafungwa, na Sadoki akasimama pale pale aliposimama mwaka jana. Loisi alikuja. Atuganile akakaa chini, akafunika uso kwa kanga.

Clement alikuja akiwa na simu mkononi. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. "Mzee, kundi linauliza. Meseji zimejaa. Niwaambie nini kuhusu hayo ya mwakani?"

"Nyamaza, Clement."

"Neno moja tu, mzee, zuri au baya..."

"Nasikiliza."

Clement akanyamaza. Wote wakanyamaza, Sadoki amelaza sikio kwenye mbao za mlango, macho ameyafumba. Ndani palikuwa kimya. Pakaendelea kuwa kimya. Loisi akaanza kusali kwa Kinyiha, chinichini.

Halafu mtoto akalia. Hakulia kwa adabu. Alipiga ukelele mmoja mrefu, mkali, wa hasira, akavuta pumzi, akapiga mwingine, mpaka mtu aliyekuwa anafagia ukumbini akasimama na fagio lake kutazama. Sadoki aliteleza na ule mlango mpaka akakaa sakafuni, analia na yeye, hajifichi.

"Huyo," akasema. "Huyo namwamini."